Dirisha lenye alama sita: je, Lost inafundisha kwamba dini zote ni moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Ujiji. Mimi na mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha tatu, tumemaliza sizoni zote sita za Lost, ile tamthilia ya Marekani ya watu ambao ndege yao inaanguka kisiwani. Kijana wa duka la muvi alituwekea kwenye flashi, sizoni mbili za mwanzo zimetafsiriwa kwa Kiswahili, zilizobaki ni Kiingereza kitupu. Mwisho wake umenivuruga. Wanakutana wote kanisani, na kwenye chumba chenye jeneza kuna dirisha la vioo vya rangi lenye mwezi na nyota, msalaba na alama nyingine nisizozijua, zimepangwa pamoja. Ustadhi wa mtaani kwetu nilipomsimulia alisema hizo ni alama za Freemason, wanataka tuamini dini zote ni moja. Jirani yangu Mkatoliki anasema pale ni toharani, na kisiwa chote ni toharani. Mdogo wangu anasema walikufa wote ndege ilipoanguka, mengine ni ndoto tu. Yeye ndiye anayenitia hofu zaidi. Ameandika zile namba zinazojirudia kwenye tamthilia, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, ukutani juu ya kitanda chake, na sasa anabeti kwa kuzifuata: anachagua mechi kwa namba hizo kwenye orodha. Anasema Hurley, mmoja wa wale abiria, alishinda nazo. Sisi ni Waislamu. Je, nimekosea kuangalia? Wale watu walikuwa wamekufa au hawakufa? Na je, niifute ile flashi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Naona umefunga hofu mbili kwenye fundo moja. Ya kwanza ni ya imani yako, kwamba huenda umekaa usiku mwingi mbele ya kitu kinachobomoa kimyakimya yale uliyofundishwa chuoni. Ya pili ni ya mdogo wako. Ya kwanza nitaichambua kwa urefu, maana ndiyo kazi yangu: nimefundisha elimu ya dini na falsafa hapa Tabora miaka mingi, na utoto wangu niliumaliza chini ya miembe ya huko huko Ujiji. Ya pili nitaijia baadaye, na nakuomba usiiruke hata kama ya kwanza itakuwa imekutuliza.

Nianze na lililo rahisi. Hawakufa ndege ilipoanguka. Tamthilia yenyewe inalijibu swali hili, tena kwa maneno ya wazi. Katika mazungumzo ya mwisho Jack, yule daktari aliyekuwa kiongozi wao, anasimama mbele ya baba yake, Christian, mwenye jeneza ambalo limekutwa tupu. Baba anamwambia kwamba yote yaliyompata yalikuwa ya kweli, na kwamba hao walioketi kanisani wamekufa kila mtu kwa saa yake, wengine kabla yake, wengine muda mrefu sana baada yake. Kwa hiyo kisiwa kilikuwa kisiwa. Walioanguka na ndege waliishi, waliumwa, walipendana, waliuana, na baadhi yao waliondoka wakazeekea mbali. Kisicho cha dunia hii ni ule mkondo wa sizoni ya sita peke yake, ambamo ndege ya Oceanic 815 inatua salama Los Angeles na kila mtu anaishi maisha yanayofanana na yake lakini siyo yake.

Mdogo wako hajapotea peke yake. Lost ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2004, na usiku wa mwisho, tarehe 23 Mei 2010, kituo cha ABC kiliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu hata mmoja, wakati majina ya waigizaji yanapita. Kituo kilieleza baadaye kwamba picha zile ziliwekwa ili mtazamaji apumue kidogo kabla ya taarifa ya habari. Watu wengi sana wakaziona kama ufunguo: kumbe hakuna aliyepona! Hazikuwa sehemu ya hadithi. Lakini tafsiri ile ilikwisha kutoka nje ya nyumba, na hadi leo inatembea.

Sasa jirani yako na toharani yake. Amekosea kuhusu kisiwa, na waandishi wakuu wa tamthilia, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walilikana wazo hilo tangu miaka ya mwanzo. Lakini kuhusu ule mkondo wa sizoni ya sita, jirani ameona kitu. Ni mahali pa katikati, baada ya kifo na kabla ya lile linalofuata. Mkatoliki akiona mahali pa katikati neno linalomjia ni toharani. Wewe ungekuwa na neno lako tayari, nashangaa hukulitumia: barzakhi. Sura ya 23 ya Qur'ani, aya ya 100, inasema nyuma ya waliokufa kuna barzakhi hadi siku watakapofufuliwa. Wabudha wa Tibet nao wana neno lao, bardo, hali iliyo kati ya kufa na kuzaliwa tena.

Je, basi tamthilia imechora barzakhi? Hapana, na hapa ndipo ninapotaka utulie nami kidogo. Katika mafundisho ya Kiislamu aliye kaburini anaulizwa na Munkar na Nakir: nani Mola wako, ipi dini yako, nani Mtume wako. Anajibu kwa alivyoishi. Katika mafundisho ya Kikatoliki roho iliyo toharani inatakaswa na Mungu, na walio hai wanaisaidia kwa sala na misa. Sehemu zote mbili yupo anayeuliza, au yupo anayetakasa. Katika Lost hakuna anayeuliza. Hakuna malaika, hakuna mizani, hakuna kitabu mkononi. Watu wale wanaamka, yaani wanakumbuka maisha yao ya kweli, kwa njia moja tu, kwa kugusana na kukumbukana. Sun na Jin, mke na mume, wanaamka wanapomwona mtoto wao kwenye kioo cha hospitali. Sawyer na Juliet wanaamka mikono yao inapogusana mbele ya mashine ya peremende. Christian anasema mahali pale walipatengeneza wenyewe, kwa pamoja, ili waweze kupatana tena.

Fundisho hilo silioni katika Biblia wala katika Qur'ani. Kwa mtu aliyekulia Kigoma au Tabora liko karibu zaidi na jambo ambalo mwanateolojia Mkenya John Mbiti alilieleza mwaka 1969, tena kwa maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Mbiti alisema kwamba katika fikra za Waafrika wengi mtu akifa haendi mbali mara moja. Maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, bado yumo ndani ya Sasa, ni mfu aliye hai. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Bibi zetu wa Kinyamwezi waliomwagia mizimu pombe kidogo chini kabla hawajanywa wao walikuwa wakifanya hivyo: wanawataja, wasizame. Sisemi waandishi wa Marekani walimsoma Mbiti. Nasema tu kwamba ukitaka kujua dini gani inatawala kanisa lile la mwisho, usiangalie dirisha. Angalia watu wanafanya nini. Wanakumbukana, basi.

Na dirisha lenyewe? Alama ni sita: mwezi na nyota, msalaba, nyota ya Daudi ya Wayahudi, neno takatifu Om la Wahindu, gurudumu la Dharma la Wabudha, na lile duara la nusu nyeusi na nusu nyeupe la Watao wa China. Hakuna hata moja ya Freemason. Alama inayojulikana ya jumuiya hiyo, ambayo chama chake kikuu cha kwanza kiliundwa London mwaka 1717, ni vifaa vya fundi: bikari na skwea. Ile nembo ya pembe nane yenye mistari inayozunguka, unayoiona kwenye makopo ya chakula na milango ya vituo vya chini ya ardhi, nayo imechukuliwa kutoka China. Ni michoro minane ya kitabu cha kale cha kupigia ramli, mistari mizima na iliyokatika. Namheshimu ustadhi wako kwa kujali kwake, lakini alihukumu kwa kusimuliwa, na katika nchi yetu neno Freemason limekuwa gunia: kila alama tusiyoijua tunaitupa humo.

Hapo kwenye hofu yake ya pili, kwamba dirisha linasema dini zote ni moja, hajakosea sana. Linasema kitu kinachokaribia hapo. Linasema: mtu wa dini yoyote anaweza kufika mlango huu. Na mimi nitakuambia bila kuficha kwamba dirisha lile ndilo jambo dhaifu kuliko yote katika tamthilia nzima. Limeweka pamoja alama sita bila kumwuliza mwenye alama hata mmoja. Mwislamu wa Ujiji anajua kwamba mwezi na nyota haviko katika nguzo tano, alama ile ilienea zaidi kwa bendera ya Waosmani. Mkristo anajua msalaba si nembo ya klabu. Mbudha atauliza gurudumu langu linafanya nini kwenye jengo lenye mabenchi ya misa. Kupanga alama za watu ukutani ni rahisi. Kusikiliza kila mmoja anachosema juu ya kifo ni kazi ya miaka, na dirisha halikuifanya. Mtazame Sayid, Mwislamu pekee mkubwa katika hadithi, askari wa zamani wa Iraki: katika sizoni sita tunamwona akiswali mara chache mno, na dini yake haipewi nafasi ya kubishana na mtu. Amepewa mwezi na nyota kwenye kioo, hakupewa sauti. Hilo linaniuma zaidi kuliko dirisha lenyewe.

Kwa hiyo je, umekosea kuangalia? Hukumu ya sharia si yangu kuitoa, na sitajifanya mufti. Ninachoweza kusema kama mwalimu ni kwamba kuona alama siyo kuikiri. Alama haina maana ndani yake kama jiwe lilivyo na uzito. Inapewa maana na anayeitumia na mahali anapoitumia. Buibui jeusi mitaani kwenu ni stara, kitambaa cheusi mlangoni ni msiba, na wingu jeusi kwa mkulima wa Nzega mwezi wa kumi na moja ni habari njema kuliko zote. Rangi ni ile ile. Kama moyo bado unakusuta, usimwulize mtu aliyesikia habari nusu. Nenda kwa sheikh unayemwamini, kaa naye ana kwa ana, mweleze ulichokiona mwanzo hadi mwisho, ndipo umwulize.

Nimetaja nyeusi na nyeupe kwa makusudi, kwa sababu kuna jambo hukuuliza na naona ndipo tamthilia ilipofikiri kwa kina zaidi. Ni wale mapacha wa kisiwa. Jacob, mlinzi wa kisiwa, anavaa nguo nyeupe, ndugu yake nyeusi, na kwenye episodi za mwanzo kabisa Locke, mmoja wa abiria, anamwonyesha mtoto Walt mchezo wa kete akimwambia kuna wachezaji wawili, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Watazamaji wengi wakafunga hesabu hapo: Jacob ni Mungu, mwenye nguo nyeusi ni shetani. Wengine wakaenda mbali wakasema Lost inahubiri miungu wawili wanaolingana nguvu, kama walivyofundisha wafuasi wa Mani kule Uajemi zamani. Ingekuwa hivyo, Mwislamu na Mkristo wote wawili wangekuwa na haki ya kukasirika.

Lakini rudi kwenye episodi ile ya kuzaliwa kwao. Mama yao, Claudia, anajifungua mtoto wa kwanza akamwita Jacob. Kumbe kuna wa pili. Naye anasema alikuwa amechagua jina moja tu. Muda mfupi baadaye anauawa na mwanamke aliyemzalisha, na mtoto wa pili anakua bila jina hadi hadithi inakwisha. Sizoni sita, mwanangu, na hakuna mtu anayemwita kwa jina lake!

Mimi ni mtu wa huku. Niliposikia vile nilisimamisha kompyuta nikatoka nje. Kwetu Unyamwezini na Usukumani pacha wa pili anazaliwa jina likimsubiri. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, kabla hata kitovu hakijakatwa. Hakuna mtoto anayekuja bila mahali pake pa kukaa katika midomo ya watu. Sasa fikiria Kulwa anakua na jina na Doto hana. Fikiria mama mlezi, yule yule aliyemwua Claudia, anampenda Kulwa kwa sababu ni mtiifu na anampenda Doto zaidi, lakini anamdanganya. Doto anataka kitu kimoja tu, kuondoka aende kwao, na anazuiwa. Anamwua mama. Kulwa kwa hasira anamtupa ndugu yake ndani ya mwanga ulio kiini cha kisiwa, naye anatoka akiwa ule moshi mweusi unaoua watu. Huyo ndiye "shetani" wa tamthilia: mtoto ambaye hakuandaliwa jina, aliyedanganywa, na aliyegeuzwa kuwa kitu kibaya na mkono wa ndugu yake. Na Jacob mwenye nguo nyeupe siyo Mungu. Ni mtu aliyekosea vibaya sana mara moja, akatumia karne nyingi kulinda matokeo ya kosa lake.

Jina la Jacob halikuokotwa. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, Yakobo na Esau ni mapacha, na mama anampenda mmoja kuliko mwingine. Qur'ani inamtaja Yaaqub kama nabii mwana wa Is-haqa na haina kisa hicho cha wivu wa pacha. Lost imefuata njia ya Mwanzo, ikaongeza swali ambalo Mwanzo inaligusa kidogo tu: je, aliyenyimwa anabaki na deni gani juu yetu? Hilo ni swali zuri la dini. Halimpunguzii Mungu kitu.

Majina ya wanafalsafa nitayapitia haraka maana watu wameyapa uzito kuliko yanavyostahili. John Locke wa kweli alikuwa Mwingereza, 1632 hadi 1704, aliyefundisha kwamba akili ya mtoto ni karatasi nyeupe na tunaandikwa na tunayoyapitia. Locke wa tamthilia anafika kisiwani akiwa kilema miaka minne, anasimama, anatembea, na anajiona ameandikwa upya. Rousseau, Mikhail Bakunin na Jeremy Bentham wote ni majina ya wanafalsafa yaliyovikwa wahusika. Mengi ni kama kofia, unaweza kuyavua na mtu akabaki yule yule.

Isipokuwa moja. Desmond Hume amebeba jina la David Hume, Mskoti, 1711 hadi 1776, na huyu anafaa kabisa kwa kazi aliyopewa. Hume aliuliza: tunajuaje kwamba jambo hili limesababishwa na lile? Tunaona moja likifuata jingine, tunazoea, tunasema ndiyo sababu. Wazee wetu walimjibu kabla hajauliza waliposema hata jogoo asipowika kutakucha. Sasa mtazame Desmond katika kituo cha chini ya ardhi kisiwani. Kila baada ya dakika 108 lazima aandike namba zile na kubonyeza kitufe, la sivyo, ameambiwa, dunia itaangamia. Anabonyeza miaka mitatu. Dunia haiangamii. Je, ni kwa sababu amebonyeza, au isingeangamia hata hivyo? Hawezi kujua bila kuacha. Na kuacha anaogopa. Siku moja anachelewa, na siku hiyo hiyo ndege inaanguka.

Nimewasikia vijana wa chuo wakisema kitufe ni swala: tumeambiwa tufanye kwa saa maalumu, tunafanya, hatuoni kitu. Wanaona Lost inawacheka wanaoswali. Nabishana nao kila mara. Anayebonyeza kitufe anazuia jambo. Anayeswali anazungumza na mtu. Swala tano hazikuwekwa ili kuzuia jua lisianguke. Namba 108 yenyewe, ukijumlisha zile namba sita utaipata, ni hesabu ya punje za tasbihi ya Wahindu na Wabudha. Babu yangu alikuwa na yake ya punje 99, na bibi wa jirani alikuwa na rozari. Sikuwahi kuona hata mmoja wao akitazama saa kwa hofu wakati anazivuta. Walikuwa wametulia. Desmond hakutulia hata siku moja, na waandishi walituonyesha hivyo waziwazi.

Na hapa namkumbuka Eko, Mnigeria, mtu niliyempenda kuliko wote. Jambazi aliyevaa joho la padri kwa hila, mdogo wake padri wa kweli akafa kwa ajili yake, naye kisiwani akaanza kuishi kama padri hadi watu wakamwamini na mimi nikamwamini. Kwenye episodi iliyopewa jina la Zaburi ya 23 anasimama mbele ya ule moshi bila kukimbia. Baadaye moshi unamjia tena kwa sura ya mdogo wake, akitakiwa atubu, naye anasema hajatenda dhambi, amefanya alichopaswa kufanya ili aishi. Anauawa. Nimelumbana sana na mapadri wa huku juu ya kifo kile, na bado siamini kwamba alihukumiwa kwa haki. Mwenye kutaka toba alikuwa moshi, mwongo, aliyejivika sura ya marehemu. Toba hatakiwi mtu kuitoa kwa mwongo.

Sasa mdogo wako.

Ni kweli Hurley alishinda bahati nasibu kwa namba zile. Mwambie mdogo wako amalizie hadithi: babu yake Hurley alianguka akafa mbele ya waandishi wa habari, nyumba aliyomnunulia mama ikawaka moto, na Hurley mwenyewe alizijua namba kutoka kwa mgonjwa mwenzake katika hospitali ya akili na akaamini zimelaaniwa. Katika sizoni ya sita tunaonyeshwa pangoni ni za nini. Kila namba ina jina pembeni yake. 4 ni Locke, 8 ni Hurley, 15 ni Sawyer, 16 ni Sayid, 23 ni Jack, 42 ni Kwon, jina la ukoo la Sun na Jin. Ni watu. Kama anataka zikae ukutani, aandike na majina.

Yapo pia yaliyotokea kweli. Januari 2011 bahati nasibu ya Mega Millions ya Marekani ilitoa namba nne kati ya zile sita: 4, 8, 15 na 42. Maelfu walikuwa wamezicheza kwa kuiga tamthilia. Hawakupata mamilioni. Wengi wao walipata dola 150 kila mmoja, na kama zote zingetoka wangegawana donge moja kwa maelfu. Namba haijui nani ameichagua. Na mechi ya mpira haijui ni ya ngapi kwenye orodha. Kinachomdanganya ni jicho lake mwenyewe: akitaka kuona 23 ataiona kila mahali. Sura niliyokutajia ya barzakhi ni ya 23. Zaburi ya Eko ni ya 23. Lost ilikwisha tarehe 23. Nimeyaandika yote matatu bila kuyatafuta, na hayana undugu wowote. Kesho akiona basi namba 23 atashtuka, na yale arobaini yaliyopita kabla yake hatayakumbuka.

Kubeti kwake ni suala jingine kabisa, halihusiani na alama. Yuko kidato cha tatu. Sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, kwa hiyo ama anatumia simu ya mtu mwingine ama kuna anayemwekea mkeka. Mtafute huyo mtu kwa upole. Usianze na kumfutia namba ukutani, atazihamishia moyoni. Kaa naye, mwambie akuonyeshe ameweka kiasi gani tangu aanze na amerudishiwa kiasi gani. Andikeni kwenye daftari, tarakimu kwa tarakimu. Na mwalimu wa shule yake wa kumshauri ajue.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Ukiona halali usiku, ameacha kula, anasema namba zinamzungumzisha au zinamwamuru, anaona ishara zinazomlenga yeye kwenye redio na mabango, au anajitenga na watu aliowapenda, hilo si jambo la falsafa tena na si la kuandikiana. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, uombe aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Mpeleke mapema, usisubiri ajiumize. Kama mama anataka asomewe dua, asomewe, lakini dua isichukue nafasi ya daktari, na asitokee mtu wa kumfunga au kumpiga kwa kisingizio cha jini. Umri huo ndio ambao maradhi ya akili mara nyingi huanza, na yakiwahiwa yanatibika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kwa ulichoniandikia sioni dalili hizo. Naona kijana anayetafuta njia ya mkato ya pesa na amepata hadithi ya kuifunika.

Flashi usiifute leo. Kaeni mtazame tena dakika ishirini za mwisho, kabla hawajaingia kanisani. Nje kuna benchi, na ameketi Ben, aliyemnyonga Locke kwa mikono yake. Locke anafika na kiti chake cha magurudumu. Ben anaomba radhi, Locke anamsamehe, anasimama, anaingia. Hurley anatoka kumkaribisha Ben ndani. Mlango uko wazi, hakuna anayemzuia. Ben anasema bado ana mambo ya kuyamaliza, na anabaki pale kwenye benchi. Mwulize mdogo wako kwa nini hakuingia. Usimsaidie kujibu. Halafu niandikie alivyosema.